Asubuhi ya Ukungu Ziwani Nyasa

Wakaazi wa visiwani wameizoea kayaki. Huko Nungwi, Paje na Kizimkazi chombo hicho cha plastiki, chekundu au cha manjano, hulazwa mchangani mbele ya hoteli kikimngoja mgeni atakayekikodi kwa saa moja, apige kafi yake yenye vichwa viwili hadi karibu na mwamba, kisha arejee kunywa dafu. Wavuvi wa ngalawa wanaporudi na samaki wao humpungia mkono wakapita. Machoni mwao ile ni sehemu ya utalii, kama zilivyo miwani ya jua na mafuta ya kupaka.

Lakini kayaki haikuzaliwa katika utalii. Walioibuni ni watu wa nchi za barafu, Wainuti wa Greenland na kaskazini ya Kanada, ambao waliijenga kwa kiunzi cha mbao zilizoletwa na maji au cha mifupa ya nyangumi, wakakivika ngozi za sili, na kila mtu akaipima ya kwake kwa mwili wake mwenyewe: urefu wa miguu, upana wa nyonga. Ilikuwa zana ya kutafutia chakula. Mtu mmoja, kafi moja, na tundu dogo la kukalia ili maji ya baridi yasipate njia ya kuingia. Nilipoisoma habari hiyo, miaka mingi baada ya kuhamia Unguja kwa kazi ya ualimu, niliona kwamba chombo kinachoelezwa nakifahamu vizuri. Nimekiona tangu utotoni katika Ziwa Nyasa, ila cha kwetu hakikuvikwa ngozi. Kimechongwa katika gogo.

Mimi ni mtu wa Matwebe. Jina hilo halimwambii kitu msomaji wa visiwani, nami sishangai, maana hata Mbeya mjini wapo wanaoliuliza mara mbili. Ni kata ya Wilaya ya Rungwe, upande ule ambao nchi huteremka kutoka Tukuyu kuelekea Kyela na ziwani. Ukisimama huko huna haja ya kuelezwa ukungu ni kitu gani. Mlima Rungwe unafika takriban mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa uko kiasi cha mita 474 tu. Baina ya namba hizo mbili, katika masafa yasiyo makubwa, unyevu wa ziwa hupanda, ukagota kwenye milima, ukapoa, na ukatushukia ukiwa mvua au ukiwa ukungu. Ndiyo sababu ya kijani kisichokauka cha migomba na chai yetu, na ndiyo sababu mtoto wa huko hujifunza kusikia kabla ya kuona. Njiani kwenda shule salamu hukufikia kabla ya mwenye salamu. “Ugonile,” sauti inasema kutoka ndani ya migomba, na wewe yakupasa uamue kwa sauti hiyo pekee kama ni mtoto mwenzio au ni mzee ambaye lazima usimame, uiname na uitikie kwa heshima yake. Tulikuwa na ujuzi mkubwa katika jambo hilo, tena bila kujua kuwa ni ujuzi.

Kiswahili cha pwani kina neno ambalo mtu wa Rungwe hulipenda kila akilisikia. Umande ni unyevu wa alfajiri, na pia, kwa mabaharia wa zamani, ni jina la upepo utokao bara asubuhi. Sijui lugha nyingine iliyouweka unyevu na upepo katika kitanda kimoja namna hiyo. Tena ni sahihi kwa Nyasa kuliko hata kwa Unguja, kwa sababu ukungu wa ziwani huletwa na hewa ya bara. Usiku, hewa iliyopoa juu ya milima ya Livingstone, ile iliyosimama kama ukuta upande wa mashariki wa kona ya Matema, huwa nzito ikateleza hadi majini. Maji nayo hayapoi. Hata katika miezi ya baridi uso wa ziwa haushuki sana chini ya nyuzi 23. Hewa baridi ikilalia maji yenye uvuguvugu, ziwa hutoa mvuke kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na wingu hilo hulala hapo mpaka jua lipande au upepo uamke.

Ipo na aina nyingine ya ukungu, ambayo si ukungu. Mtu aliye ufukweni huweza kuona moshi mrefu mweusi ukisimama juu ya maji, mbali, kama kwamba meli inaungua. Ni vijidudu vya ziwani, mbu wadogo wasiouma, ambao maisha yao ya kwanza huyapitisha kilindini, kisha wakatoka kwa mamilioni kwa pamoja ili wapandane na kufa. Wenzetu wa ng'ambo, Malawi, huliita wingu hilo nkhungu, neno lile lile la ukungu. Upepo ukilisukuma hadi nchi kavu watu hulikimbilia na vikapu na sufuria zilizopakwa mafuta au maji, wakavikusanya, wakavifinyanga vikawa mikate myeusi yenye ladha kali. Livingstone aliyaandika hayo baada ya kufika ziwani humo mwaka 1859, akionekana kustaajabu kwamba moshi unaliwa. Mimi nimeula. Ni mtamu, lakini simshurutishi mtu.

Nirudi kwenye chombo. Ngalawa ya visiwani ina mirengu, mbao mbili za pembeni zinazoishika isipinduke, na ina tanga. Mtumbwi wa Nyasa hauna kimojawapo. Ni gogo moja, na siri yake imo katika mdomo: upenyo wa juu ni mwembamba kuliko tumbo, mbavu zimeinama kwa ndani kama mikono ya mtu anayejikunyata. Mchongaji huingiza tezo kwa upenyo ule mwembamba akakomba tumbo bila kuona vizuri anachokikata, akipima unene wa ubao kwa kugonga na kusikiliza. Wimbi linapokuja huteleza juu ya mbavu zile, na machache tu ndiyo yanayoingia. Hapo ndipo mtumbwi huu unapokuwa ndugu wa kayaki ya Greenland; watu wawili wasiojuana, mmoja katika barafu na mmoja katika joto, walipewa swali moja na maji wakajibu kwa jibu moja. Wa kwetu umezidiwa kwa jambo moja tu, kwamba unahitaji mti mkubwa mzima, na miti hiyo imekwisha karibu na ufuo. Mashua za mbao zinachukua nafasi yake mwaka hadi mwaka. Anayemiliki mtumbwi mzuri leo hauuzi, anaurithisha.

Mtumbwi wa mjomba wangu haukurithiwa, nami nitaeleza kwa nini. Mjomba alikuwa mtu wa Matwebe kama sisi sote, aliyeteremka ziwani kijana na mikungu ya ndizi ya kubadilishana na samaki wakavu, akaoa hukohuko Matema, na asirudi tena isipokuwa kwa misiba. Ndugu wa milimani walimcheka: mtu gani anaacha ardhi ambapo kijiti ukikichomeka kinaota, akaenda kukaa mchangani? Yeye alijibu kwamba shamba lake halihitaji palizi.

Mwezi wa Julai mwaka 2023 nilikwenda kukaa kwa mkaza mjomba, na mtoto wake wa kwanza, binamu yangu, akanichukua ziwani. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Yeye alikaa tezi, nami katikati, na kazi yangu ilikuwa ni kopo la kukumbia maji. Mitumbwi iliyokuwa imekesha na taa ikivua usipa, wale dagaa wa Nyasa, ilikuwa ikirejea. Tuliiona kama mianga minne mitano ya manjano, halafu ukungu ukaimeza, kisha ukatumeza na sisi. Sikuiona omo ya chombo nilichokikalia. Nilinyoosha mkono nikaona vidole vyangu vimefifia.

Binamu hakupunguza mwendo. Nilimwuliza anajuaje aendako, naye akanijibu kwa vipande, akipiga kafi. Kwanza, lile wimbi pana la chini kwa chini, hata asubuhi iliyotulia, hutoka kusini, kwa kuwa ziwa limelala kusini na kaskazini kwa zaidi ya kilomita 550 na mawimbi yana njia ndefu ya kuja. Ukihisi mtumbwi unainuliwa kutoka upande gani, umeijua kusini. Pili, maji ya Mto Lufirio. Mto huo huteremka kutoka milimani kwetu na kuingia ziwani magharibi ya Matema, na maji yake ni baridi. Chovya mkono, ukishtuka, uko mbele ya mdomo wa mto. Tatu ni harufu ya moshi wa kuni, nne jogoo, tano kengele ya kanisa kama ni Jumapili. “Na sita?” nikamwuliza. Akanyamaza, akainua kafi na kugonga ubavu wa mtumbwi mara tatu, ngo, ngo, ngo, akangoja. Upande wa kushoto, mbali kidogo, ikajibu mara mbili. Akagonga tena, upande wa mbele ikajibu mara nne, polepole, ya mtu mzima. Aliniambia kila mmoja kwa jina la baba yake. Kumbe tulikuwa tumezungukwa na watu.

Wavu tuliufikia bila kutafuta sana. Vyelezo vyake vilikatwa katika ndala zilizochakaa, za rangi zote, na chubwi zilikuwa mawe. Chini ya milima ile ziwa halina kina kidogo. Hatua chache kutoka ufukweni miamba inaishia na giza linaanza, na kwenda katikati vilindi vinafika mita mia saba hivi. Wavuvi hawahitaji kwenda huko. Kupita kiasi cha mita 250 kwenda chini maji hayana hewa ya kuvuta, na samaki hawaishi. Utajiri wote wa ziwa, mamia ya aina ambazo hazipatikani popote pengine duniani, umo katika tabaka la juu na kwenye mawe ya kandokando. Tulipata perege kadhaa, vijisamaki vya buluu ambavyo wazungu huvinunua wakavitia katika matangi ya vioo, na mbasa mmoja mrefu aliyeng'aa kama kisu. Binamu alimshika huyo kwa mikono miwili. Mbasa hupanda mitoni wakati wa mvua kwenda kuzaa, akifuata maji ya milimani, na watu wameitega midomo ya mito kwa nyavu za macho madogo hata amekuwa adimu. “Huyu alikuwa anakwenda kwenu Rungwe,” akasema.

Ndipo simu yake ikalia ndani ya mfuko wa nailoni aliokuwa ameufunga kiunoni. Akaitoa, akaisoma, akacheka, akanipa. Ilikuwa ujumbe wa kampuni ya simu ukitukaribisha Malawi na kututajia bei za kupiga nyumbani. Tulikuwa hatujafika hata mbali ya kushindwa kumsikia jogoo wa mama yake.

“Kaka,” akaniuliza, “wewe uliyesoma. Sasa hivi tuko nchi gani?”

Nilijua jibu la kila upande, na sikumpa hata moja kwa wakati ule. Napenda nilijibu hapa, mbele ya wasomaji wa visiwani, kwa sababu swali lile linawahusu kuliko wanavyodhani. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mkataba mjini Berlin. Visiwani mkataba huo unakumbukwa kwa jambo moja: Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, na kwa upande wake ikapewa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini chenye eneo lisilofika kilomita mbili za mraba, cha wavuvi wa kamba mkubwa wa baharini. Novemba ya mwaka huohuo himaya ikatangazwa. Sultani Ali bin Said hakuwa na kiti katika meza ile ya Berlin, na wavuvi wa Heligoland nao hawakuulizwa. Watoto wa shule za Unguja nimewafundisha hayo kwa miaka mingi.

Kisichosemwa darasani ni kwamba katika mkataba uleule, kwa wino uleule, walichora mpaka wa eneo la Wajerumani huku bara, na walipofika Nyasa waliandika kwamba mstari utafuata ufuo wa ziwa, upande wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi, hadi mdomo wa Mto Songwe. Ufuo, si katikati ya maji. Kwa maneno hayo mchanga wa Matema ni Tanzania na povu linaloulowesha ni nchi nyingine. Mvulana anayeingia hadi magotini kuosha sufuria amevuka mpaka. Malawi, iliyorithi upande wa Waingereza, imeshika maneno hayo, pamoja na azimio la Cairo la mwaka 1964 lililowataka Waafrika waheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Tanzania husema kwamba kwa desturi ya mataifa mpaka hupita katikati ya maji, na kwamba zipo ramani za zama za Waingereza wenyewe zilizouchora hivyo. Mwaka 1967 serikali ya Nyerere ilipeleka shauri hilo kwa Banda, na Banda akakataa. Mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, maneno yakawa makali tena, hata shauri likapelekwa kwa jopo la marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji. Halijamalizika. Hoja za pande mbili nimezisoma zote, na naona kila upande unasema kweli kuhusu karatasi. Kuhusu maji sikuona aliyesema lolote.

Basi kalamu iliyoitia Unguja himayani ndiyo iliyopita mbele ya mlango wa mkaza mjomba. Sisemi hivi ili kulinganisha machungu. Ninachosema ni kwamba mtu wa Matwebe na mtu wa Unguja, ambao hudhani hawana kinachowaunganisha isipokuwa Muungano wa mwaka 1964, walikwisha wekwa katika ukurasa mmoja miaka sabini na minne kabla, na watu ambao hawakumjua hata mmoja wao.

Mjomba alitoka alfajiri ya siku moja ya Agosti mwaka 2012, katika ukungu kama ule nilioueleza. Alikuwa peke yake. Watu wa nchi kavu hudhani hatari ya ukungu ni kupotea. Mvuvi wa Nyasa hapotei upesi, nimeeleza kwa nini. Hatari yake ni kwamba unaficha upepo. Siku ya wazi mtu huona mstari mweusi ukija juu ya maji kutoka kusini-mashariki, akavuta wavu wake na kukimbilia ufukweni. Huo ndio mwera, upepo wa miezi ya baridi. Siku ya ukungu mstari hauonekani. Ukungu unaondoka ghafla, na unapoondoka ni kwa sababu upepo umekwisha fika. Wenzake walisimulia kwamba walimsikia akigonga, wakamjibu, kisha ukungu ukapasuka na kila mtu akawa na mawimbi yake mwenyewe. Waliofika ufukweni walihesabiana. Walipungua mmoja.

Walimtafuta siku tatu. Upepo wa namna ile husukuma kitu kuelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo mitumbwi iliambaa ufuo wa Kyela, ikapita Itungi, ikafika mdomo wa Songwe, ikasimama. Hakuna aliyeisimamisha. Redio zilikuwa zimejaa habari za mpaka wiki zile. Watu waliambiana kwamba askari wa huko wanakamata, wengine kwamba wanapiga risasi, na ingawa hapakuwa na aliyeshuhudia, kila mmoja alikuwa na watoto. Wakageuza. Sijapata kumsikia mkaza mjomba akiwalaumu.

Siku ya tano ikaja habari, kwa simu, kupitia kwa mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa akipita Kasumulu. Wavuvi wa ng'ambo, si mbali na mdomo wa mto, walikuwa wameokota mtumbwi uliopinduka, na kesho yake mwili. Waliujua mtumbwi kuwa ni wa upande wetu kwa namna ulivyochongwa tezi, na kwa alama iliyokatwa karibu na omo. Mwili ulikuwa umekaa majini, haukuweza kungoja, wakauzika. Watu hao ni Wangonde. Lugha yao na Kinyakyusa ni lugha moja. Tofauti ni kama ile ya Kiunguja na Kipemba. Walimzika kama wanavyowazika wao, wanawake wakalia, wanaume wakakaa na moto usiku kucha, kwa mtu ambaye hawakujua jina lake. Jina waliliuliza baadaye, kwa simu, ili waliandike kwenye mbao.

Kwetu Matwebe msiba bila kaburi ni jambo gumu. Wazee walikaa wakashauriana kama inafaa kuvunja matanga na mwenyewe yuko ugenini. Mmoja aliuliza swali ambalo lilinirudia kichwani siku ile binamu aliponipa simu: kama alifia majini, na maji ni ya kwao, basi tangu ujana wake mtu huyu alikuwa akiishi kwetu usiku na kwao mchana? Hakuna aliyecheka. Mkaza mjomba alisema neno moja tu kuhusu safari ya kwenda kuliona kaburi, kwamba hataomba ruhusa kwa mtu yeyote ili amsalimie mume wake. Alishika neno hilo miaka kumi na moja.

Kilichombadilisha, kwa jinsi nilivyoelewa, si sisi. Ni samaki yule. Tulipofika ufukweni, jua likiwa limeanza kuula ukungu na milima ikitoka juu yake kipandekipande, yeye alikuwa amesimama na beseni kama alivyosimama kila siku. Alimtwaa mbasa, akamgeuza, akauliza tulimpata wapi. Binamu akaeleza. Nami, kwa kutaka kuongea tu, nikamsimulia habari ya ujumbe wa simu, kwamba tumekaribishwa Malawi. Akanitazama kwa muda. “Wamewakaribisha?” akauliza. Nikasema ndiyo, Mama, kwa maandishi. Akamtia mbasa katika beseni peke yake, akawaacha perege kwa wachuuzi, na jioni akaniuliza nauli ya hadi Kasumulu ni kiasi gani.

Tulikwenda Alhamisi iliyofuata, yeye, binamu na mimi, kwa gari hadi Kyela na kutoka hapo hadi darajani. Alibeba chungu kimoja cha Wakisi, wa zile kazi za wanawake wa Ikombe ambazo huletwa kwa mitumbwi hadi sokoni kila Jumamosi. Ndani alitia mbasa aliyekaushwa kwa moshi. Mpakani kijana wa dirishani alimwuliza madhumuni ya safari. Alimjibu kwa Kinyakyusa kwamba anakwenda kwa mume wake. Kijana akamjibu kwa Kingonde, akimwita mama, amwulize mume ni nani, pengine anamjua, na mkaza mjomba akamtajia jina. Kijana hakulijua. Akagonga muhuri.

Kaburi liko nyuma ya nyumba ya mzee aliyemwokota, chini ya mwembe, na limefagiliwa. Mbao yenye jina imeoza ikabadilishwa mara moja, na jina limeandikwa kwa herufi moja iliyokosewa, ambayo mkaza mjomba hakuitaja. Alikaa chini kwa muda mrefu. Mzee yule, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, alimletea mkeka, kisha maji, kisha akakaa naye mbali kidogo bila kusema kitu. Baadaye chungu kikafunguliwa, samaki akapikwa na wanawake wa nyumba ile, tukala sote. Walimsifu kwa utamu wake. Kwao pia, walisema, siku hizi ni wa bahati.

Binamu alikuwa na jambo lake, nami nililiona tangu asubuhi likimkaa. Walipokwisha kunawa aliuliza, kwa adabu, na macho yake yakiwa chini, kama ule mtumbwi bado upo. Mzee akasema upo. Ulitoboka mwaka juzi karibu na tezi, wakautia kiraka cha bati na lami, na ni mzito kidogo kuliko zamani, lakini hauna mfano. Anautumia mwanawe. Binamu akaomba auone tu.

Tuliteremka hadi ufukweni. Mchanga wa huko ni kama wa Matema, na milima yetu ilionekana ng'ambo, ya buluu, na wingu limekaa juu yake kama kawaida. Palikuwa na mitumbwi sita imepinduliwa juani. Binamu aliipitia mmoja mmoja akiinama kuangalia omo. Mzee akamwita, akamwonyesha kwa kidole kule majini, mbali, ambako hatukuweza kutambua kitu, akasema haupo hapo, umetoka tangu alfajiri.